Siku ya Lübeck Ambayo Sijakusimulia

Nthenya mwanangu,

Umeenda Riruta kumuaga shangazi yako Mutanu, na umesema utarudi giza likiingia. Nimefunga kibanda mapema, nimenawa vumbi la mifupa mikononi, nimekaa kwenye meza yako na kalamu yako. Mambo ya sweta nzito na ya kutunza pasipoti Mutanu ameshakuambia mara nyingi kuliko nitakavyoweza mimi. Mimi nina jambo moja tu, na kwa miaka kumi na miwili limenishinda kulisema kwa mdomo.

Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukiniambia, "Baba, nisimulie siku ya Lübeck." Nami nikakusimulia: lango lililoinama, minara saba ya makanisa, samaki wa kukaushwa kwa moshi, zile peremende za lozi nilizokuletea. Nadhani nilisimulia vizuri kupita kiasi, kwa maana watu wa shule ya uuguzi walipokupa miji mitatu uchague mmoja, hukuuliza baridi wala umbali. Ulichagua Lübeck. Kesho unakwenda kukanyaga mawe niliyoyakanyaga, na unachokijua ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ndiyo hii.

Wakati ule tulikuwa bado Gatwekera, kile chumba cha udongo na mabati kilichotazamana na mtaro. Ulikuwa na miaka saba. Mama yako Mwende alikuwa na mimba ya miezi minane. Kazi yangu ilikuwa hii hii, kukata mifupa ya ng'ombe na kuchonga bangili na shanga. Mama mmoja Mjerumani aliyekuwa akinunua kazi zetu alisema kanisa la kwao Lübeck linaandaa maonyesho ya kazi za mikono, na wangependa fundi mmoja aje kuchonga mbele ya watu kwa wiki mbili. Jina langu likatoka. Nilitaka kukataa kwa sababu ya ile mimba. Mwende ndiye aliyesema niende. Naomba ulikumbuke hilo, kwamba hakunizuia.

Kabla sijaondoka niliweka sheria. Niliiweka mbele ya Nekesa, jirani yetu wa mlango wa pili, yule Mbukusu aliyekuwa akikusuka nywele. Nilimwambia Mwende, "Ukisikia chochote, usitoke kwenda popote kabla hujanipigia. Mimi nitamtuma Kyalo." Kyalo alikuwa mtu wa kwetu Kitui, alikuwa na gari, Probox, aliyokuwa akiiegesha kule juu barabarani, Olympic. Mwende aliniomba nimwachie nambari ya Kyalo. Nikamwambia hakuna haja, nitapanga mwenyewe. Nilikuwa mume wa namna hiyo, Nthenya. Nilitaka kila jambo la nyumba yangu lipite mkononi mwangu, hata nikiwa ng'ambo. Nilidhani huko ndiko kumpenda mtu.

Wenyeji wangu walinipa simu ndogo yenye laini ya kwao. Nambari yake ilikuwa ndefu, inaanza na alama ya kujumlisha. Niliwapigia nikawasomea, na wewe ndiye uliyeiandika kwenye daftari lako la hesabu kwa sababu mwandiko wako ulikuwa mzuri kuliko wa mama yako. Ukawa ndiye mwenye kazi ya kunibipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata, nami napiga.

Siku za kwanza nilingoja hiyo bipu kama mtu anayengoja chai. Lakini kule nilikuwa nimeanza kuwa mtu mwingine. Watu walisimama mbele ya meza yangu wakitazama vidole vyangu. Waliniita msanii. Hapa kwetu nilikuwa "yule wa mifupa" na watu walikuwa wakiziba pua wakipita. Halafu jioni simu inalia, na ni Gatwekera: maji hayajafika siku mbili, mwenye nyumba amekuja, mabati yanavuja juu ya kitanda, Nthenya anakohoa. Yote yalikuwa kweli, na yote yalinihusu. Kufikia siku ya kumi, simu ikilia nilikuwa nakunja uso kabla sijaishika.

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Mwenyeji wangu alikuwa mzee Jürgen, mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha Moshi ujanani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu, kiasi kwamba nilikuwa naona haya. Alisema atanitembeza mji wote kwa miguu, tuanze kwenye lango lililoinama, tumalize mtoni.

Tulipofika langoni simu ililia. Nilimpigia Mwende. Aliniambia kichwa kinamuuma tangu jana, miguu imevimba mpaka ndara haziingii, na anaona kama nyota machoni. Alikuwa anaongea polepole. Mzee Jürgen alikuwa amesimama kando, ananingoja na kofia mkononi.

Nikamwambia, "Kunywa maji, ulale. Kila siku lazima kuwe na jambo, Mwende?"

Kisha akasema, "Sawa. Tembea salama."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Na hapa ndipo nimekuwa nikikudanganya. Nimekwambia wewe, na bibi yako, na kila mtu, kwamba mtandao wa huko ulikatika. Mtandao haukukatika. Betri ilikuwa imejaa. Nilibonyeza kile kitufe mpaka kioo kikawa cheusi, nikaitia simu mfukoni. Niliizima kwa kidole changu mwenyewe, na nilipoizima nilisikia raha.

Mzee Jürgen aliuliza, "Nyumbani hawajambo?"

Nikasema, "Hawajambo. Wazima wote."

Siwezi kukuambia kwamba siku ile ilikuwa mbaya, kwa sababu haikuwa. Ningeongeza uongo juu ya uongo. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokuwa nimeishi. Tulipanda barabara za mawe ya mviringo, matofali mekundu kila upande, na hakuna mtu aliyeniuliza natafuta nini. Mimi niliyekuwa natembea kila siku kutoka Gatwekera hadi machinjioni Dagoretti na gunia la mifupa begani, siku ile nilitembea mikono mitupu. Nilitembea ili kutazama tu. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo.

Katikati ya mji mzee alinionyesha vichochoro vyao. Ni vijia vinavyopita chini ya nyumba, vifupi hata inabidi uiname, na ukitokea upande wa pili unakuta nyumba ndogo ndogo zimebanana, na maua madirishani. Alisema zamani hapo ndipo walipokaa maskini na vibarua. Nilicheka, nikamwambia hii ni Gatwekera yenye maua. Naye akasema kuna masimulizi kwamba wenye nyumba walibanwa na sharti moja: kichochoro kisipungue upana wa jeneza, ili maiti aweze kutolewa. Nikacheka tena. Wanaume wawili tumeinama kwenye giza la kile kijia, tunacheka.

Halafu tukaingia katika kanisa kubwa. Kwenye mnara mmoja kuna kengele mbili sakafuni, zimevunjika vipande vipande. Zilianguka usiku mji ulipopigwa mabomu wakati wa vita, na watu wakaamua kuziacha hapo hapo zilipoangukia, shaba imepasuka na sakafu imebonyea chini yake. Watu walisimama pale kimya. Mzee Jürgen alitoa kamera yake akanipiga picha. Ndiyo ile picha uliyoikuza ukaiweka kwenye fremu, mimi nimesimama kando ya kengele, nacheka meno yote. Ukiitazama kwenye kona ya chini utaona saa imejiandika, saa nane na dakika kumi. Kwetu ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Nimekuwa nikiishi na hiyo picha ukutani, kwa sababu uliipenda, na sikuwa na namna ya kukuomba uiondoe.

Sasa nitakwambia kilichokuwa kikitendeka Gatwekera. Mengine uliyaona kwa macho yako, lakini ulikuwa mdogo na sijui umebaki na nini. Mimi niliambiwa na Nekesa, mara moja tu, na sikumwomba arudie.

Kuelekea saa sita mama yako alianza kusema haoni vizuri. Nekesa alimwambia waondoke mara moja, waende barabarani, gari lolote watakalolikuta litawapeleka hospitali. Mwende akasema, "Hapana, Musyoka alisema nimpigie kwanza, yeye ndiye atakayemtuma Kyalo." Nekesa alibisha. Mama yako akamwambia, "Amesema nisitoke." Akakupa simu na daftari.

Ukapiga. Nekesa aliniambia ulikuwa umekaa kwenye kizingiti, daftari magotini, kidole kimoja juu ya tarakimu, unapiga, unasikiliza, unakata, unapiga tena. Ulimwambia mama yako kuna mwanamke anayejibu, lakini anaongea lugha usiyoijua. Mama yako akakwambia labda umekosea nambari, angalia vizuri. Ukaangalia vizuri. Ulipiga kuanzia saa sita mpaka karibu saa tisa.

Saa tisa Mwende akapatwa na kifafa cha mimba. Hapo Nekesa hakungoja mtu. Mumewe Wafula na majirani watatu waling'oa mlango wetu kwenye bawaba, wakamlaza juu yake, wakambeba. Unakijua kile kichochoro kilivyo pale kwenye kona ya choo. Mlango haukupita. Iliwabidi wauinamishe ubavu, na Nekesa akamshikilia mama yako kwa mikono yake miwili asianguke mtaroni. Walifika barabara ya Olympic wakiwa wametapakaa matope. Kyalo alikuwa pale pale, ameketi ndani ya gari lake, anasikiliza redio. Alikuwa pale tangu asubuhi.

Hospitali walisema wamechelewa. Mama yako alifariki kabla jua halijatua, na mtoto pamoja naye. Alikuwa wa kiume.

Mimi saa hizo nilikuwa kando ya mto nakula samaki. Tulipomaliza nilijisikia mtu mwema, nimepumzika, moyo umekunjuka. Niliwasha simu ili nimpigie Mwende nimwambie habari za zile kengele. Nilikuwa nimepanga hata namna ya kumwomba radhi kwa maneno ya asubuhi. Simu ikapokewa na Wafula.

Akaniuliza, "Musyoka, ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa matembezini. Nikamwambia anipe Mwende.

"Mwende ametuacha," akasema. "Na mtoto. Rudi nyumbani."

Mzee Jürgen aliona uso wangu, akanishika mkono. Sikumwambia nilizima simu. Nilimwambia mtandao ulikatika. Huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemdanganya, na alinihurumia, akalia pamoja nami. Baada yake ikawa rahisi.

Ningeweza kuishia hapo nikasema hilo ndilo kosa langu. Lakini kuna lingine, na mbele yangu mimi ni kubwa zaidi.

Siku tuliyomzika kule Kitui, watu walipokuwa wakinawa mikono, ulinijia. Ulikuwa umevaa gauni la mtu, limekuzidi. Ulinivuta shati ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, nilipiga vibaya. Nilikosea nambari."

Nilijua kwamba hukukosea. Nilikuwa nimeliona daftari, kila tarakimu imekaa mahali pake. Ningekuambia wakati ule ule: ulipiga sawasawa, mimi ndiye niliyezima. Mama mkwe alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo, na kaka zake Mwende wote. Niliwatazama. Kisha nikakuwekea mkono kichwani nikasema, "Si kitu, mama. Ulikuwa mtoto tu."

Unaona nilichofanya. Mtu aliyekosa ndiye anayeambiwa si kitu. Nilikubebesha mzigo wangu ukiwa na miaka saba, nikajifanya ninakutua. Tukahamia huku Kawangware, ukaingia shule hapa juu, na kwa miaka yote nilikuwa nakuona unaandika nambari za watu mara mbili, unazisoma kwa sauti, unamwomba mtu azirudie. Mutanu alikuwa akicheka anasema huyu atakuwa karani wa benki. Mimi nilijua ile tabia imetoka wapi. Nilikuwa nainuka naenda kibandani.

Halafu mwaka jana ukaanza masomo ya Kijerumani. Jioni moja uliingia hujavua hata viatu. Ukaniambia, "Baba, yule mwanamke. Leo mwalimu alitusikilizisha mazungumzo ya simu, nikaisikia ile sauti. Alikuwa anasema mtu unayempigia hapatikani kwa sasa. Sikukosea nambari." Ulikuwa unalia na kucheka. Kisha ukauliza, taratibu, mbona nilikuwa sipatikani.

Nikasema, "Mtandao, mama."

Ukasema, "Sawa, baba." Ukavua viatu. Sijui kama uliniamini. Ulisema ile "sawa" kama alivyoisema mama yako.

Sitakufundisha maisha. Mtu aliyefanya niliyoyafanya hana kiti cha kukalia afundishe. Lakini nimekaa na siku ile kwa muda mrefu, na yako mambo mawili matatu ambayo nimeyaelewa, mengine usiku, mengine nikiwa nimeinamia msumeno.

Kutaka siku moja ya kutembea bila mzigo hakukuwa dhambi. Kwa miaka mingi nilifikiri ni dhambi, nikajinyima kila kitu, hata kwenda tu mpaka pale stendi ya 56 kukaa na watu Jumapili. Nilikuwa nakosea tena. Ningemwambia tu, "Mwende, leo nipe siku yangu. Nambari ya Kyalo hii hapa, na Nekesa yupo." Maneno hayo hayachukui hata dakika. Kilichomuua mama yako ni ugonjwa wa presha ya mimba, lakini kilichomweka kwenye kile chumba kwa saa tatu ni mimi, kwa sababu nilimfundisha kuningoja, halafu nikaondoka mahali pa kungojewa.

Kwa hiyo ukifika huko, tutakupigia. Mimi nitakupigia, Mutanu atakupigia, na watu wa Kitui ambao hawajawahi kukuuliza hali watapata nambari yako. Utachoka. Siku utakapochoka, sema umechoka, uzime. Hapa tuna majirani, na nimeanza kujifunza kuwaomba. Usikubali kuwa mlango wa pekee wa mtu yeyote, wala usikubali mwanamume akufanyie hivyo, hata akikuambia ndiyo mapenzi.

Na utembee. Huo mji ni mzuri kweli, sikukudanganya kuhusu hilo. Pita langoni, ingia vichochoroni, kula samaki. Kanisani usiende kwa ajili yangu. Ukipenda uende kwa ajili yako. Lakini uende ukijua ulipiga nambari sahihi, kila mara, kwa saa tatu, na kwamba katika watu wote wa siku ile wewe na Nekesa ndio mliofanya kila mlichoweza.

Sikuombi unisamehe. Nimeona watu wakiombwa msamaha safarini, gari limeshawashwa, mtu hana nafasi hata ya kufikiri, anasema nimekusamehe ili aondoke. Ndiyo sababu barua hii sikuitia kwenye sanduku uikute huko. Ningefanya hivyo ningekuwa nimekimbia mara ya pili. Nimeiacha juu ya meza uisome leo, nikiwa bado hapa, ukiwa na nafasi ya kunikasirikia uso kwa uso au kutoniona kabisa.

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Usiku huu nitalala kibandani. Nimeongea na Mutanu, atakuja alfajiri, na amekubali kukusindikiza uwanja wa ndege badala yangu ikiwa utataka hivyo. Hakuuliza kwa nini, nami sikumwambia. Hilo ni lako kumwambia au kulinyamazia.

Gari litafika saa kumi na moja alfajiri. Nitakuwa nimeshavaa, nimekaa mle kibandani. Usiponiita, sitatoka.

Baba yako,
Musyoka